Gari Lisilojua Rivasi

Thornton Heath, London
6 Agosti 2000

Mke wangu Mumbi,

Pokea salamu za injinia mkuu wa giaboksi za otomatiki, London nzima. Ndiyo, ni mimi, mumeo Elkana, niliyeacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alinionea wivu. Magari yanayojibadilisha gia yenyewe yakigoma, Wazungu huja kupanga foleni mlangoni kwetu hapa Croydon, kofia mkononi, wakiuliza, "Mzee ameamka?" Nikisema giaboksi imekufa, imekufa. Nikisema itafufuka, wenyewe wanaanza kuimba.

Nyumbani kwa shangazi yako Priscilla hatujambo. Bado anauguza wazee hospitalini, na akirudi ananiuguza mimi kwa makelele. Watoto wake nikiwaambia njooni mle, wanaelewa, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Nami nawajibu kwa Kikuyu, na chakula kinakwisha vilevile. Macho niliyoletwa kutibiwa yamepona yote mawili. Sasa naona hata nisivyoomba kuviona.

Geuza karatasi.

Umegeuza? Haya, si kweli. Mimi si injinia. Huwa nachemsha chai na kucheza drafti. Gereji ni ya Tarsem, Kalasinga aliyezaliwa hapo hapo Nakuru. Kiswahili chake ni safi kushinda cha pasta wetu, hasa akijigonga kidole. Kazi yake ni giaboksi za otomatiki tu, hagusi kitu kingine. Alinikuta kituo cha basi nikimtukana dereva kwa Kiswahili, akacheka mpaka kilemba kikakaa upande. Tangu siku hiyo nina kiti changu kwake.

Wewe mjukuu wangu uliyerithi jina la marehemu mke wangu, nasikia umerithi na ukaidi wake, kwamba bado unashinda chini ya magari na Kiongera. Kaza buti. Na ugoro wangu ulioniahidi uko wapi? Hapa shangazi yako ameupiga marufuku, nanusa majani ya chai.

Wasalimie wote. Isipokuwa mmoja, anajijua. Mtu aliyefikishwa uwanja wa ndege juu ya lori la kabichi za watu hana haraka ya kumsalimia aliyemtelekeza Limuru.

Mumeo,
Elkana


Nakuru
2 Septemba 2000

Guka, mume wangu mzee,

Hatujambo. Mama anakusalimu, mahindi yamekomaa, mbwa wako amezeeka lakini bado anamchukia mtu wa posta. Cucu wa jirani, yule bibi kizee, anauliza kama umepata Mzungu. Nimemwambia unatafuta mwenye meno ili muazimane.

Sasa Guka, umeniponza. Barua yako ilifika nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, nikamwambia Kiongera aisome. Unamjua fundi wetu mkuu, hajui kusoma kimoyomoyo. Alisoma kama anahubiri. Alipofika "wenyewe wanaanza kuimba", gereji nzima ikapiga makofi, na ukurasa ulipoisha, kabla sijaiomba ile karatasi, mteja mmoja aliyekuwa amesimama hapo akasema, "Basi vizuri. Kama babu yako ni injinia wa otomatiki London, na akufundishe. Gari langu hili hapa."

Nikasoma ukurasa wa pili chooni, peke yangu. Nilitamani kubaki humo.

Gari ni la Kijapani, otomatiki. Asubuhi likiwa baridi linakwenda. Likishapata moto, ukilitia gia linafikiria kwanza kama mzee anayeinuka kitini. Mlimani injini inalia, magurudumu hayana habari. Rivasi ilikufa mwezi wa nne. Tangu hapo mwenyewe analikodisha kwa harusi tu, eti gari la bibi harusi halifai kurudi nyuma. Mafuta ya giaboksi tumepima vizuri: tulizima injini, tukaliacha lipoe, kijiti kikaonyesha yamejaa mpaka alama.

Kiongera anasema otomatiki ni gari la wanawake, tuing'oe giaboksi, tutie ya kawaida. Nimemwambia mimi ni mwanamke, kwa hiyo ni gari langu.

Lakini si mzaha tena. Wameamua nyumbani kwamba ikifika Krismasi gari halijapanda mlima wa Kinungi likiwa na watu, Januari naingia chuo cha uhazili Nairobi, na sitaonekana tena gereji. Likipanda, Kiongera ananipa sehemu yangu ya kufanyia kazi na jina la fundi. Mbele ya watu amesema hivyo.

Nisaidie, injinia mkuu. Na unarudi lini?

Mumbi


Thornton Heath
24 Septemba 2000

Mke wangu,

Hatujambo, ila mimi tangu barua yako ije chai hainipiti. Kiongera anapaswa kufungwa. Mtu anayesoma barua ya watu bila kugeuza ukurasa atakata hata breki akasema alidhani ni nyaya tu.

Ilibidi nimsimulie Tarsem, na nilianzia mbali. Alisikiliza, akaweka spana chini.

"Elkana, yaani umejifanya mimi?"

"Kidogo tu."

"Na huyo msichana amepima mafuta vipi?"

Nikamsomea. Nilipofika pale mlipozima injini, akashika kichwa. "Hiyo ni giaboksi ya otomatiki, si jiko la makaa! Haipimwi ikiwa imelala. Mwambie awashe injini, aendeshe mpaka ipate moto, asimame pahali tambarare. Leva aipitishe kila gia pole pole, airudishe kwenye P, ya kuegesha. Hapo, injini ikinguruma, ndipo achomoe kijiti. Ukizima, mafuta yote yanateremka chini na kijiti kinakudanganya."

Nikamwambia kijiti hicho kingenifaa kuwa rafiki.

Halafu akanieleza mambo ya viwanda. Kila mara kiwanda humtumia Tarsem waraka: sili hii tumebadilisha, mafuta yale msitie tena, filta ya zamani tupeni. Nacho kiwanda kina haya zake, mke wangu. Hakisemi "tulikosea". Kinasema "tumeboresha". Nimelipenda neno hilo. Siku ile nilipounguza sufuria ya shangazi yako nilimwambia nimeiboresha.

Kwa giaboksi ya aina yako wameboresha vitu viwili. Mafuta: ya zamani yanakula zile sahani za klachi zilizo ndani, kwa hiyo sasa kuna mengine, na usichanganye. Na sahani zenyewe: za kwanza zilikuwa zinaungua upesi, wakatoa za karatasi ngumu zaidi. Fungua bakuli la chini uangalie. Mafuta yakiwa mekundu, mshukuru Mungu. Yakiwa meusi na kunuka kama ugali ulioshika sufuria, niandikie.

Tarsem ana swali moja, ujibu kweli. Mwenye gari huzima injini kwenye mteremko ili abane petroli? Maana gari la otomatiki likiteremka limezimwa, pampu ya mafuta nayo imezimwa, na vyuma vinasagana vikavu. Mimi namjua mtu mmoja Nakuru mwenye tabia hiyo. Lakini nadhani mko nao wengi.

Unauliza narudi lini. Hapa Croydon wameanzisha treni inayopita katikati ya barabara kama ng'ombe, na watu wanaipisha. Ajabu sana.

Nitajie huyo mteja ni nani. Na ugoro?

Mumeo


Nakuru
29 Oktoba 2000

Guka,

Mvua imenyesha, Mama hajambo, mbwa hajambo. Kuhusu treni nimeelewa. Sikuuliza treni.

Nimefanya kama alivyosema Tarsem. Injini ikinguruma, giaboksi ikiwa ya moto, nikachomoa kijiti mbele ya Kiongera. Hakikulowa hata ncha. Akakinyang'anya, akakifuta, akakitia mwenyewe. Kikatoka kikavu tena. Akasema, "Hii kitu ina pepo." Miaka yote hiyo wamekuwa wakizipima zikiwa zimelala.

Nikafungua bakuli. Meusi, Guka. Ugali ulioshika, na sufuria yake. Nimeishusha giaboksi yote, nimeipanga juu ya magazeti, kila kipande na mahali pake. Sahani za klachi zimeungua mpaka chuma kinaonekana. Hapa Nakuru sahani za aina hiyo hakuna, Nairobi wana za zamani tu, zile zile zilizoungua.

Jibu la swali ni ndiyo. Kutoka Kinungi mpaka Naivasha huzima injini na kuteremka kimya kama mwizi. Anasema petroli ni ya kupandia, mteremko ni wa Mungu.

Kuhusu jina lake, ni mteja. Anakuja jioni, haulizi kitu, anatazama magazeti yangu yenye vipande, anapiga tairi teke moja, anaondoka.

Krismasi haiko mbali, na gari liko juu ya mawe halina tumbo. Unarudi lini?

Mumbi


Thornton Heath
12 Novemba 2000

Mke wangu Mumbi,

Salamu za haraka, maana Nyambura anayefanya kazi na shangazi yako anapanda ndege Jumanne kwenda likizo, na mzigo uko juu ya meza yake.

Ndani kuna sahani mpya za klachi, zile zilizoboreshwa, sili zote, filta, na mafuta ya kutosha. Nyambura alilalamika mafuta yatamwagikia nguo zake. Nikamwambia atanukia kama mtu wa maana.

Usiulize nimezipataje. Haya, umeuliza. Nimezishinda kwa drafti. Tarsem alisema nikimshinda mara tatu mfululizo ananipa kila kitu. Mara mbili nilimshinda kwa haki. Mara ya tatu nilimwonyesha mbweha aliyekuwa akipita juu ya ukuta wa gereji, na kweli alikuwepo, London hii mbweha wanatembea kama makarani. Tarsem alipogeuka, kete yangu moja ilikuwa imekua kidogo ikawa kingi. Nadhani aliona. Alikuwa anafunga mzigo hata kabla hatujamaliza.

Anasema: loweka sahani kwenye mafuta mapya kwanza, usizitie zikiwa kavu. Osha kila njia ya mafuta. Mikono safi, na usifutie tambara lenye nyuzi. Ukishafunga, jaza kidogo, washa, pima, jaza tena.

Huyo mteja anayepiga tairi teke, hulipiga la mbele kushoto?

Usinijibu.

Mumeo


Thornton Heath
19 Novemba 2000

Mumbi,

Leo hakuna salamu. Nilisahau kukwambia neno, na nikilikumbuka natoka jasho, katika baridi hii.

Sahani mpya ni NENE kuliko za zamani. Tarsem aliniambia na mimi nilikuwa natazama kete. Walizipunguza idadi. Mlikotoa tano unatia nne, ya tano ni ya akiba, na vyuma vya katikati vinapungua vivyo hivyo. Ukitia tano zitabanana, klachi haitaachia kamwe, na utaziunguza zote siku ya kwanza. Nyingine sina. Tarsem hatacheza tena na mimi, amegeuza kiti chake kitazame ukuta wa mbweha.

Nimeipeleka barua hii posta mwenyewe kwa miguu, nikiwa na viatu vya ndani. Shangazi yako ananiuliza mzee una nini, husemi uongo tangu asubuhi.

Kama umeshafunga, fungua. Kama umeshaunguza, basi ni mimi niliyeunguza, na hicho chuo uwaambie wanipeleke mimi.

Elkana


Nakuru
17 Desemba 2000

Guka wangu, mume wangu, injinia mkuu,

Kaa kitini kwako kwa Tarsem, mpe barua aisome kwa sauti, na ageuze kurasa zote.

Mzigo ulifika salama. Nguo za Nyambura zilinuka, amekusamehe. Barua ya "nene" imefika jana. Gari lilipanda mlima juzi.

Ngoja, usife. Nilitia sahani tano kama zilivyokuwa. Ile ringi ya juu inayofunga kila kitu ikakataa kuingia kwenye mfereji wake. Nikasukuma, ikakataa. Kiongera akasema, "Zisage kidogo kwa msasa, vitu vya Ulaya huja vimenenepa." Mafundi wote wakakubali, msasa ukaletwa. Nikasema hapana. Nikazitoa zote, nikapanga za zamani rundo moja na mpya rundo la pili, nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na meza. Nne mpya na vyuma vyake vya katikati zilikuwa na kimo cha tano za zamani na vyuma vyake, utadhani zimepimwa kwa kamba. Nikamwambia Kiongera, "Hawajanenepa bure. Wamepunguza watu ndani ya nyumba." Nikatia nne, na chuma kimoja pungufu. Ringi ikaingia, ikalia tak, na kila mtu akaisikia.

Ijumaa tukaenda. Mimi kwenye usukani, mteja kando yangu ameshika mlango kama anayetaka kuruka, nyuma Kiongera na mafundi wawili wanene, niliwachagua kwa uzito. Tukapita Naivasha. Pale mlima unapoanza, Kiongera akaanza kuomba kwa sauti. Gari likashusha gia lenyewe, likavuta pumzi, likapanda. Likapita lori la mchanga. Likapita basi, Guka, na abiria wa basi wakatuchungulia. Kiongera akaacha kuomba akaanza kuwapungia mkono kama mheshimiwa. Kinungi tukafika, giaboksi haijateleza hata mara moja.

Pale juu kwenye kituo cha petroli nikasimama. Nikavuta leva kwenye R. Likarudi nyuma. Nikakizunguka kituo kizima kinyumenyume, kuipita pampu, kukipita choo, kumpita mama wa mahindi ya kuchoma, mpaka nikarudi nilipoanzia. Watu walisimama. Mama wa mahindi akatupa mawili bure, akasema hajaona gari lenye furaha kama lile.

Tukiteremka kurudi, mkono wa mteja ukaenda wenyewe kwenye ufunguo azime injini. Nikausukuma. Kwa heshima, lakini nikausukuma.

Akasema, "Pole, mwanangu."

Ni Baba, Guka. Ulishajua. Gari ni lile lile lililokuacha Limuru. Sikukutajia kwa sababu ulisema nisimsalimie, nikaogopa ungeniambia liozee huko. Chuo cha uhazili ni yeye, na mlima ulikuwa sharti lake. Tulipofika gereji alishuka, akapiga tairi teke. La mbele kushoto. Akazunguka akapiga na la kulia, ambalo hajawahi. Kisha akamwambia Kiongera, "Mpe huyu fundi sehemu yake, na iwe na paa." Ina paa. Jina langu limepakwa rangi juu yake, herufi kubwa kuliko la Kiongera, mchoraji alikosea hesabu na hakuna aliyemsahihisha.

Usiku wa jana nilimwonyesha ukurasa wako wa pili, ule wa kuchemsha chai. Hakushangaa. Akasema, "Nilijua ni uongo tangu mstari wa kwanza. Mzee hajawahi kuanza kwa ukweli. Lakini nilikuwa sijaisikia sauti yake tangu Limuru, nikaona nikimpa mtoto gari, itabidi aendelee kuandika."

Sasa sikuulizi unarudi lini. Nakwambia tu kwamba tunajua kurudi.

Fundi Mumbi


Thornton Heath
14 Januari 2001

Fundi Mumbi, mke wangu,

Salamu kutoka gereji nzima. Tarsem aliisoma barua yako kwa sauti, akageuza kurasa zote. Pale kwenye msasa akafumba macho. Pale kwenye ringi akasema "tak" pamoja nawe. Pale kwenye rivasi alisimama, akanikumbatia, kilemba kikaenda upande. Sasa wateja wakija ananionyesha kwa kidole: "Huyu mjukuu wake ni fundi wa otomatiki Nakuru." Mzungu mmoja alinivulia kofia. Kofia kweli, Mumbi. Nilipanda uongo, ukaota ukweli.

Nilimjua mteja wako tangu ile habari ya bibi harusi. Ni mtu mmoja tu duniani anayeweza kupoteza rivasi na kuigeuza kuwa mila. Nikakaa kimya, kwa sababu ungejua nimejua, ningelazimika kukasirika, na sikuwa na nafasi, nilikuwa nacheza drafti. Mwambie Ndirangu mwanangu nimemsalimu. Andika hivyo hivyo, Ndirangu mwanangu. Na umsomee kwa sauti.

Jumatano nilikwenda kwenye lile jumba kubwa la uhamiaji hapa Croydon. Shangazi yako alikuwa amenijazia kila kitu, niombe muda zaidi. Binti wa dirishani akaniuliza kwa nini nataka kuendelea kukaa. Nikafikiri. Nikamwambia, "Sitaki. Nilikuja macho yapate kuona, yameona." Akauliza nina hakika. Nikamwambia gari limepona. Hakuelewa, lakini alinitakia safari njema. Priscilla alilia kidogo, halafu akanikata kucha kwa hasira.

Natua Nairobi Jumamosi tarehe tatu Machi, asubuhi. Tarsem ametoa spana moja iwe yako, ameifunga ndani ya soksi zangu.

Baba yako ana deni langu dogo. Alikuwa anipeleke uwanja wa ndege, akanifikisha Limuru, njia iliyobaki nikaimalizia juu ya kabichi. Sikulisamehe, nililiweka. Basi nakuja kulichukua. Mje uwanjani na gari hilo hilo. Wewe uendeshe. Ndirangu akae nyuma pamoja nami, mikono yake niione, mbali na ufunguo. Kopo la ugoro liwe kwenye kiti.

Na ukiegesha, usiegeshe kama mjanja. Pua ya gari iguse ukuta kabisa, ili tusiweze kutoka pale bila rivasi. Nataka kuisikia ikiingia.

Mumeo,
Elkana